Nne ya Kwenye Saa

Nilipopanda darasa, mlangoni paliandikwa
kwa rangi ya kijani: DARASA LA IV.
Nikadhani ni jina la mtu, Ivi,
labda ndiye aliyetuchangia mabati.

Mwalimu Ndahani alicheka hadi chaki ikamponyoka.
Akachora kijiti kimoja, viwili, vitatu.
"Hivi ni vidole. V ni kiganja:
vinne vimebanana huku, gumba limejitenga.
X ni viganja viwili, kimoja kimepinduliwa chini ya mwenzake.
Sasa sikilizeni.
Mdogo akisimama kulia kwa mkubwa, ameleta.
Akisimama kushoto, amekuja kukopa."

Tuliandika mchangani, nyuma ya darasa,
maana daftari lilikuwa la mtihani.
VI: huyu kaja na mboga. IV: huyu kaondoka na chumvi.
IX tuliiita Mama Mchiwa,
jirani asiyebisha hodi ila kuazima.
Upepo wa Hombolo ukapita, ukafuta hadi thelathini.
Tukaanza upya, I,
kama watu waliozoea kupanda mara ya pili.

Nyumbani tulikuwa na saa.
Baba aliipata mnadani Msalato, akatoa beberu,
akarudi ameikumbatia kama mtoto mwenye homa:
kioo kina ufa, mshale mrefu umekatika.
Aliitundika juu ya madebe ya uwele.
Hakuna aliyejua kuisoma. Tuliisikiliza tu.

Nikapanda kigoda.
I, nikasoma kwa sauti, II, III,
kisha nikakwama. IIII.
Vijiti vinne kwenye foleni, hakuna anayemkopa mtu.

Kwenye jaribio nikaandika nilichokiona.
Mwalimu akanitia mkasi mwekundu, X.
Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo si kumi?"
Nikapiga magoti mpaka kengele.

Lakini jioni alikuja, baiskeli ikilia mnyororo,
akasimama mbele ya saa, mikono nyuma.
Akatazama, akatazama.
"Saa imekosea," akasema.
Baba akaweka kibuyu chini polepole.
"Mwalimu, hiyo ni beberu mzima."

Wakaachana hapo. Mimi nikaona lingine:
mshale ukilala kwenye VII mama huchochea moto
na kusema saa moja.
Kwenye IX, saa tatu, mbuzi wameshatoka.
Basi hata Mrumi alihitaji mkalimani kwetu:
toa sita, utalikuta jua.

Mwaka uliofuata mvua ilitukimbia.
Mama alihesabu madebe kwa mkaa, ukutani,
vijiti, vijiti. Hakusoma hata siku moja,
ila Warumi wangemwelewa.
Kila debe lilipokwisha alifuta kimoja kwa gumba lenye mate,
nami nyuma yake na daftari:
VII. VI. V.
IV, na siku hiyohiyo akaja Mama Mchiwa.
Mama hakumwuliza la kurudisha.
III.

Hadi I.
Halafu akakifuta nacho, akanigeukia.
"Andika."

Nikazipitia herufi zote nilizofundishwa.
L, C, D, M: zote za watu walioshiba.
Ya debe lililokung'utwa haikuwemo.
Asubuhi nikamwuliza Mwalimu Ndahani.
Akainua chaki, akaishusha.
"Hawakuwa nayo," akasema,
na siku ile hakumchapa mtu.

Nikauacha mstari mtupu.
Daftari ninalo, limeliwa na mchwa pembeni,
na mstari uko vilevile,
chini yake II, ya mwezi wa tatu,
alipokuja Mama Mchiwa kabla hakujapambazuka
na madebe mawili, hakusema alikoyatoa,
akayatua upande wa kulia wa mlango.