Koti la Shaba

Mvua ya Surnadal haina haraka.
Ilianza Jumatatu, leo Alhamisi,
nami niko chini, kwenye chumba cha viazi,
mbele ya shinikizo la marehemu baba,
mpini wake umelambwa na kiganja chake
hadi rangi ikaisha.

Mezani: maganda arobaini,
nimeyaosha kama vijiko vya mgeni.
Mizani. Mkebe wa baruti, mfuniko umebana.
Na pakiti mbili za vichwa.
Mbili tu, lakini usiku mzima umepita katikati yake.

Ya kwanza kaniletea kaka yangu Steinar:
vichwa mia, bei ya mkate na siagi.
"Kulungu hasomi lebo, Ragnfrid,"
akacheka kabla sijaamua kucheka.
Ya pili ina hamsini,
na Eilev wa dukani aliniuliza mara mbili
kama nimeiona bei.

Niliiona. Niliona na mengine.
Niliona dume la mwaka jana, pembe nane,
ukingoni mwa shamba la nyasi la Oddlaug,
bega limenielekea kama mlango.
Nilivuta pumzi, nikaachia nusu.
Shabaha haikukosea. Kilichokosea ni kichwa:
kiligonga mfupa,
koti la shaba likaenda zake,
risasi ikaenda zake,
kama ndugu waliotoka kusomewa wosia.
Na dume naye akaenda zake.

Mbwa alinusa damu mpaka giza likamzidi.
Asubuhi tena: tone kwenye jiwe,
tone kwenye kuvu, kisha mto.
Siku ya tatu kunguru ndio waliotuonyesha.
Oddlaug hakusema neno. Alinimiminia kahawa.
Kahawa ile hadi leo haijashuka.

Basi Julai nikaloweka magazeti,
gunia zima, habari za miaka sita,
nikayapanga nyuma ya ghala, nikayapiga.
Kichwa cha Steinar nilikiokota kama yai lililoanguka:
koti kwenye ukurasa wa michezo,
moyo kwenye matangazo ya vifo.
Cha Eilev kilikuwa kimechanua uyoga,
shaba imekunjuka nyuma kama mikono ya shati,
risasi imeng'ang'ania ndani yake.
Nikakiweka kwenye mizani.
Kilichopungua hakikufika uzito wa kucha.

Hawajabanwa tu, alinieleza Eilev,
wameunganishwa kwa moto, shaba na risasi,
huwezi kutia hata wembe katikati.
Nilianza kuifikiria ndoa yangu,
nikaona heri nifikirie kulungu.

Risasi ndani ya risasi: jina moja
la madini laini na la kitu kirukacho,
na mimi kati ya majina hayo
natafuta lile lisilovunja ahadi mfupani.

Daftari la baba limeandikwa kwa penseli:
"1987. Baridi. Jike mmoja. Hakuteseka."
Kasi hakuandika, wala uzito.
Ukurasa kwa ukurasa, neno hilo tu,
na palipokosekana neno hilo
penseli imetoboa karatasi.

Najaza polepole.
Kichwa kigeni hakili baruti ya mwenyeji;
naanzia chini, kama kitabu kinavyoamuru,
chumvi huongezwa, haichopolewi mchuzini.
Moja nimeimwaga. Nimefagia, nimeanza upya,
mkono wangu una miaka hamsini na nane.

Viatu vya Steinar vinashuka ngazi.
Amefuata mtungi wa jamu, asema,
lakini macho yake yako kwenye kisanduku.
"Usiku wote huu, risasi tano?"

Tano. Nikihitaji ya sita
nitakuwa nimekosea mapema zaidi.

"Na zangu mia?"

Zako nitazipigia karatasi, Steinar.
Karatasi haikimbilii mtoni.

Anashika moja, anaizungusha chini ya taa,
anairudisha mahali pake, kichwa juu,
kwa vidole viwili.
Jamu ameisahau.