Kina cha Herufi

Kazi yangu ni kuchonga majina.
Vibati vya shingo za mbwa, saa za wastaafu wa reli,
vikombe vya washindi wa kula soseji kwenye tamasha la Agosti,
hapa Wilber, Nebraska, ambako kila jina la ukoo
huzidi kwa herufi moja nafasi niliyopewa.

Jumanne aliingia Zdena Hruska
na bweta refu, mwanawe Lumir nyuma yake
akiishika bahasha kana kwamba ndani mna yai.
Karatasi moja tu, ina stempu ya serikali:
dola mia mbili, zilizolipwa na mtu ambaye sasa
yuko chini ya theluji, nyuma ya kanisa.

Leopold ndiye aliyeanza.
Alitaka mtutu mfupi,
mfupi kuliko sheria inavyomwachia mtu hivi hivi,
maana bega la kulia lilikuwa limekwisha
na bunduki ndefu ilimgombeza kila akijipinda
kwenye kibanda cha kuwindia.
Mwanasheria wa Lincoln akamwandikia hati:
chuma hiki si cha Leopold, ni cha Amana,
na wadhamini wake ni baba, mama, mwana.
Wakapiga picha za pasipoti dukani, bila kucheka.
Wakachovya vidole, kumi kumi, kwenye wino.
Sherifu akapelekewa nakala, naye anawajua
tangu Lumir alipoiba tikiti maji lake.

Milada, binti, alikuwamo kwenye rasimu ya kwanza.
Alijikata mwenyewe, mezani jikoni,
kwa penseli ya nyusi, kalamu ikiwa mbali.
Ni mwalimu wa darasa la pili.
Kila muhula huwafundisha watoto
kukaa gizani nyuma ya kabati
bila kukohoa.
Hakuna aliyemwuliza zaidi.

Wakangoja.
Miezi tisa, Zdena aliniambia, mimba nzima,
na mwezi wa saba moyo wa mzee ukakataa.
Kibali kilipokuja hakikumtaja.
Kilitaja Amana.
Mtu hufa, Amana haifi, mwanasheria aliwaeleza kwa simu
kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema.
Na mimi siku zote nilidhani amana
ni kitu unachoachiwa
mpaka mwenyewe arudi.

Nikakifunga chuma kwenye jiliwa, nikashusha lenzi.
Sheria imepima: herufi isipungue punje ya ufuta kwa kimo,
na iingie ndani kiasi cha unene wa unywele.
AMANA YA HRUSKA. Mji. Jimbo.
Nikapima kina mara tatu, nikaandika daftarini.
Januari nilichonga bamba la kaburi lake
na hakuna aliyenijia na kipimo.
Hakuna aliyeuliza jina la Leopold
liingie kiasi gani.

"Na yeye humwandiki?" Zdena akasema.
Nikajibu sheria haimhitaji.
"Sikukuuliza sheria."
Lumir akasema, Mama, acha, paache pasafi.
Wakajibizana kwa Kicheki, polepole,
kama watu wanaogawana mkate mdogo,
nami nikajifanya natafuta sindano nyembamba,
ile ya pete, ambayo ilikuwa mbele yangu.

Kwa kutokusikia neno la mwisho lilikuwa la nani,
nilichonga L moja,
pale ambapo kishikio kitaifunika.
Lumir aliona. Akatazama dirishani.

Nje, injini ya gari ilikuwa inanguruma;
Milada kwenye usukani, hakushuka,
kioo kimefungwa, wipa zinafuta theluji isiyokuwepo.

Zdena akapitisha kidole gumba juu ya maandishi,
kilekile alichochovya kwenye wino.
"Zinakwaruza," akasema.
Nikamwambia zitalainika.
Sijui. Vikombe huwa vinalainika,
watu huvifuta vumbi.
Chuma kama hiki
sijawahi kurudishiwa nikaona.