Jina Lisilokuwapo

Tartu, saa tisa usiku. Theluji imejaa dirishani, haibishi hodi.
Natuma swali: jina hili, anwani yake ipi?
Zamani swali lilikwenda uchi, kama kadi ya posta;
kila karani wa njiani alilisoma, akatabasamu.
Sasa nalitia bahasha, nalipitisha mlango mmoja
na picha za paka, miamala ya benki, porojo,
mlango wa mia nne arobaini na tatu. Nani atalitambua?

Majibu yanarudi. Kijani. Kijani.
Mia mbili, yaani bahasha imefika salama.
Kufika salama si habari njema:
ifungue, ndani imeandikwa, jina hilo halipo.
Kaarel wa zamu ya mchana hukosea hapo hapo.

Kwa jaribio la "halipo" sikuhangaika kutunga.
Nilitumia jina la duka letu, mimi na Tõnis,
la vitabu vikuukuu, lililokufa kwa madeni mwaka wa tatu.
Miaka sita, kila usiku, nimeiuliza mashine:
lipo? Halipo. Kijani. Nikalala.

Leo, nyekundu.
Nimerudia mara tatu. Nimefuta majibu ya akiba.
Nambari nne zimekaa pale na nukta zake, zinapumua.
Mtu kalinunua.

Sijafungua kivinjari.
Naandika jaribio jipya, jina la herufi za ovyoovyo,
ambalo hakuna aliyewahi kulichora kwa rangi kibaoni
akiwa juu ya ngazi,
na mwenzake chini ameishika.