Jibu la Kisanduku cha Tatu

Fomu inasema: Eleza historia na malengo ya tamasha.
Wameniachia mistari minne ya nukta.
Mimi, Nsimire M'Kulimushi, mtunza daftari,
nina kalamu ya bluu inayokohoa,
na umeme umeondoka tangu saa kumi.
Basi nitaandika mpaka mgongoni mwa karatasi.

Tulianzia Kadutu, bandani kwa fundi Mugaruka,
kati ya cherehani tatu na suruali zilizosahauliwa na wenyewe.
Watu kumi na mmoja, ukimhesabu mtoto.
Cirhuza akapanda juu ya kreti ya bia,
akafungua shairi lake la maji ya Kawa,
mvua nayo ikashukia mabati
kama lori linalomwaga kokoto.
Hatukusikia hata neno.
Akasoma hadi mwisho, midomo tu,
tukampigia makofi ambayo naye hakuyasikia.
Ndipo karatasi ikapita mkono kwa mkono
chini ya taa ya simu.
Fundi aliisoma mara mbili, akaisahau pasi.
(Suruali ya mwalimu iliungua. Tuliilipa kwa miaka miwili.)

Tangu siku hiyo imekuwa sheria:
anayekuja kusoma aje na nakala,
mwandiko wa mkono wake.
Mvua ya huku haiombi ruhusa.

Mwaka wa pili karatasi zilibaki.
Nani alizibeba, sijui. Zilishuka sokoni,
zikafungia sambaza.
Mwaka wa tatu, mabenchi hayajapangwa,
akaingia mama na beseni kichwani,
Nabintu, muuza samaki wa Nyawera,
mkononi ukurasa mmoja alioukunjua na kuunyoosha,
una mafuta, una magamba mawili yanayong'aa
palipokuwa na nukta.
Akauliza kabla ya salamu:
"Huyu binti aliyevuka Ruzizi usiku,
alifika ama hakufika?
Ukurasa wa pili uko wapi?"

Mwandishi alikuwepo. Aliangalia viatu vyake.
Ukurasa wa pili alikuwa hajauandika.

Mwaka wa nne daftari lina neno moja: Hapana.
Usinidai zaidi, fomu.
Wewe una nukta, mimi nina majina.

Mwaka wa tano tulirudi, wengi kuliko viti.
Mtoto yule wa kwanza akaja anajua kusoma,
akatusahihisha.

Sasa malengo.
Neno hili nilianza kulisikia kwa wenye bunduki,
wakilenga ng'ambo ya bonde, jicho moja limefumbwa.
Ndiyo maana naliandika polepole.
Mwaka jana nilijaza: kuinua utamaduni wa kusoma,
kuwapa vijana jukwaa.
Ni kweli, kama picha ya pasipoti ilivyo kweli:
uso ni wako, lakini mama yako
angeuliza una ugonjwa gani.

Niseme hivi. Ziwa letu lina samaki mdogo
ambaye jina lake ni amri.
Kila siku tunaitwa kwa sauti sokoni,
sambaza, sambaza,
tukadhani tunauziwa mboga.

Na niseme pia: tunataka mtu akisoma ukurasa wa kwanza
akose usingizi, apande kilima na beseni lake,
atudai.

Mwaka huu ni wa nane. Nabintu amechoka kungoja,
ameuandika mwenyewe, kurasa tatu, mgongoni mwa kalenda:
binti amefika, amelowa, na anaidai nauli yake irudishwe
kwa kuwa mwenye mtumbwi alimshusha majini.
Mwandishi anasema hivyo sivyo.
Watabishana Jumamosi, saa nane, banda ni lile lile.

Bajeti mtaiona kisanduku cha nne:
maandazi, mafuta ya taa, dari ya mbao chini ya mabati
ili tusikike.

Hapana. Futeni dari.
Andikeni karatasi,
nyingi, nzito kidogo,
zinazostahimili samaki.