Karatasi ya Andazi

Kiwira, asubuhi, ukungu haujanyanyuka.
Atuganile hafungi andazi kwenye karatasi
ambayo hajaisoma.
Wateja wamezoea. Wanapuliza viganja, wanangoja.

Leo ni daftari la jiografia, la mtoto wa mtu:
“Mlima Rungwe ni volkano ili—”
Hapo panya amemega.

“Ili nini?” kamuuliza dereva wa lori la ndizi.
Kamuuliza fundi cherehani. Mafuta yanaungua.
Mwisho binti wa kidato cha pili,
mdomo umejaa:
“Iliyolala, bibi.”

Miaka hamsini amelima viazi mgongoni mwake!
Jioni anapanda shambani, jembe begani,
anakanyaga taratibu,
na kesho ana swali kwa yule binti:

mlima ukilala, huota nini?