Kuvua

Lugha yetu ina neno moja
kwa mwenye nyavu na kwa mwenye kutoa shati.
Nimelitafuna usiku kucha, maabara, kilimani Bugando,
taa ya darubini ikinichoma jicho la kulia.

Kwenye kioo: taya la Mugeta,
miaka saba, kisiwa cha Irugwa,
kipande chembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Seli zimebanana, buluu tupu,
na katikati matundu meupe, meupe.
Mwalimu wangu aliita hili anga la nyota.
Kila nyota ni mlaji, seli pana
iliyomeza jirani zake zilizokubali kufa,
kama korongo wa mwaloni Kirumba
wanaongoja matumbo ya sangara:
hawaui, wanasafisha.

Zilizokubali.
Jana mama yake, Nyabise, alinishika mlangoni:
"Nani kamtia kitu mwanangu?"
Nikanyamaza. Hakuna aliyetia, mama.
Kuna asiyevua.

Ndani ya seli imo protini ya mauti.
Imevishwa fosfeti, imeshikwa mkono, imetulizwa.
Siku ikifika huja fosfatasi,
haina kisu, haina sumu,
inaivua fosfeti ile
basi.
Protini inashika njia hadi kwenye mitokondria,
mitokondria inavuja,
seli inajikunja kama dagaa kwenye mwamba wa moto
na jirani anaimeza kabla haijanuka.
Kwa Mugeta wanaovishwa wamewazidi wanaovuliwa.
Ndiyo hesabu yote.

Hata vidole alivipata hivyo.
Tumboni mwako mkono wake ulikuwa wa bata,
utando mmoja, mpaka seli za katikati zikavuliwa,
zikaenda bila kilio, bila matanga,
zikamwachia nafasi tano, hapana, nne:
nne ndizo zinazofanya vidole vitano.
Ndivyo anavyohesabia mitumbwi dirishani
ikipenya magugumaji.

Hayo sikumwambia.
Nilisema, "Dawa tunaanza Jumatatu,"
naye akaitikia kwa nyusi tu,
akageuka kumwogesha mtoto.

Shati halikupita kichwani, taya limekataa.
Akafungua kifungo, cha pili, cha tatu.
Cha nne kiligoma, uzi umejisokota,
vidole vyake vina magamba ya miaka ishirini ya samaki.
Nikapiga magoti sakafuni
tukavua pamoja.