Jumatatu kwa Sheha

Jumatatu, karafuu hazijatandazwa juani,
naanika jina langu kwa Sheha.
Daftari la mistari, kalamu imefungwa uzi
isitoroke.
Hata kalamu.

Bi Mkasi hanitazami. Tulisoma naye Kurani,
akinikosoa irabu; sasa anakosoa tarehe.
"Huu mwezi wa tisa, Kombo, si wa nane."
Nasema ndiyo.
Kule nilijifunza ndiyo isiyojibu kitu.

Wenyewe wanapaita Chuo cha Mafunzo,
na sisi tuliomo, wanafunzi.
Mjukuu wangu kauliza:
"Babu, umemaliza? Cheti kiko wapi?"
Nikamwonesha karatasi yenye muhuri.
Akasoma kwa kidole, silabi kwa silabi:
asitoke nje ya shehia,
asionekane njiani baada ya isha,
asimkaribie wala asiseme na Faki Shaame.
"Mbona cheti chote ni asi, asi, asi?"
Nikacheka. Cha kwanza tangu langoni.

Faki Shaame. Mkarafuu wa mpakani
waliougombea babu zetu, nasi tukaurithi ugomvi.
Panga lilikuwa langu. Vidole vyake viwili
vilibaki kwenye majani makavu,
nikasimama nikivitazama
kana kwamba mwenye panga amekwenda zake.
Miaka saba. Minne nimeilala kule;
mitatu nimepewa niilalie nyumbani,
mlango wazi.

Lakini Piki msikiti wetu ni mmoja,
na karatasi haikusema nisali wapi.
Ijumaa nilichelewa. Safu ya nyuma, nafasi moja.
Nikaingia, bega kwa bega, nikanuia.
Kwenye sijida mkono ukatua kando ya wangu:
vidole vitatu.
Sikumbuki imamu alisoma sura gani.

Nikatoa salamu kulia, nikakiona kisogo chake.
Akatoa salamu kushoto, akakiona changu.
Ndivyo sala ilivyopangwa, si sisi.
Nilipoinuka, viatu vyake havikuwapo.

"Umesema naye wiki hii?"
Kalamu iko juu, uzi umekazika.
"Salamu ya sala, Sheha. Ile haina wa kuizuia."
Nje mtoto anafukuza kuku kwenye jamvi.
Anaandika kitu, anakifunika kwa kiganja,
ananisukumia upande wa sahihi tu.

Nafika mlangoni ndipo anasema:
"Faki naye kaja jana.
Kaniuliza siku zako za kusaini ni zipi."

Sikumuuliza aliuliza kwa sauti gani.